Barua Tatu Kwenye Kabati la Kituo

Hakuna barua ya mtoto iliyofungwa kabla Mama Ratiba hajaisoma. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na kwa miaka kumi na minne hakuivunja hata mara moja, si kwa mafua, si kwa mvua, wala siku ile alipokuja kazini na jino limemvimbisha shavu kama mtu aliyeficha limau mdomoni. Kila Ijumaa ya pili ndege ya mahitaji iliondoka kuwapelekea vitu askari waliokuwa kwenye ulinzi wa amani nchi ya mbali. Alhamisi yake watoto wa kambini walikaa kwenye meza ndefu za kituo cha vijana, wakaandika. Wengi waliwaandikia baba zao, wachache mama zao, maana hata akina mama siku hizi wanavaa magwanda. Wakimaliza waliacha bahasha wazi. Mama Ratiba alivaa miwani, akazisoma moja moja. Barua ya kumtia askari nguvu ilipita. Barua ya kumtia askari wasiwasi haikupita.

Kanuni hiyo hakupewa na mkuu wa kikosi. Aliitunga mwenyewe, akaisimamia mwenyewe, na aliiamini kama mtu anavyoamini kwamba moto unaunguza.

Kituo chenyewe kilikuwa jengo refu la mabati, zamani ghala la mahema, na siku za jua kali kuta zilikuwa bado zinatoa harufu ya turubai. Kulikuwa na meza moja ya tenisi ambayo wavu wake ulikuwa bandeji iliyofungwa kwenye misumari miwili, kabati la vitabu, kabati la pili lenye kufuli, na ukutani ubao mkubwa: saa nane na nusu kazi za shule, saa kumi michezo, saa kumi na moja na nusu usafi, saa kumi na mbili kila mtu kwao. Ubao huo ndio uliompa mlezi jina. Watoto walisema Mama Ratiba hata akipiga chafya hutazama saa kwanza.

Lakini walimpenda, na ni haki kulisema hilo kabla ya kusema mengine. Alijua mtoto gani hujificha chini ya meza helikopta zikipita, akawa anamtuma huko chini mapema, “nitafutie kifuniko cha kalamu yangu,” ili asichekwe. Alijua nani anavaa shati la baba yake ndani ya sare ya shule. Watoto sitini na tatu, na hakuwahi kukosea siku ambayo mzazi wa yeyote aliondoka.

Msaidizi wake alikuwa sajenti mstaafu aliyefundisha michezo, mzee mwenye kifua cha pipa na goti bovu. Watoto walimwita Filimbi. Yeye alimwita Mama Ratiba “Afande,” ingawa mama huyo hakuwahi kushika hata gobole.

“Afande, ruhusa ya kupumua?”

“Pumua, lakini usitoke nje ya mstari,” Mama Ratiba hujibu bila kuinua uso.

Miongoni mwa watoto hao alikuwepo msichana wa miaka kumi na miwili waliyemwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na kituo. Alisimulia akila, alisimulia akikimbia, alisimulia hata akilenga goli kwenye netiboli, jambo lililowachanganya wapinzani kuliko mitupo yenyewe. Baba yake alikuwa koplo, dereva wa malori, na alikuwa ameondoka miezi miwili. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Nusu ya vyeo vilivyokuwa kwenye mabega ya kambi ile alivishona yeye.

Alhamisi hiyo Chiriku aliandika kimya. Mama Ratiba aliliona hilo, akadhani mtoto amekua. Jioni, wenzake walipokwenda, alifungua bahasha yake akasoma:

“Baba, mama anaumwa. Anasema ni tumbo, lakini si tumbo. Usiku anauma shuka ili nisimsikie. Ile sketi yake ya bluu sasa anaikunja kiunoni mara mbili na kuibana kwa pini. Amenikataza kukuambia. Naomba umwambie aende hospitali kubwa, wewe ukisema anasikia. Usiseme ni mimi niliyekwambia.”

Pamoja na barua kulikuwa na kadi ya kituo, ile ambayo kila mtoto huchora. Chiriku alikuwa amechora goli la netiboli na kuandika chini yake: Tumeshinda kumi na tisa kwa kumi na moja.

Mama Ratiba aliweka kadi upande mmoja wa meza, barua upande wa pili.

Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa askari. Alizaliwa kambini, katika nyumba za safu, chumba na sebule, na alipokuwa na miaka kumi baba yake alipelekwa mpakani. Mdogo wake aliugua kifaduro, paa likavuja, na yeye, kwa mwandiko wake mzuri uliosifiwa na walimu, alimwandikia baba yake yote: kikohozi, sufuria zilizotegwa chini ya matone, mama anayelia jikoni. Baba alisoma. Hakuomba ruhusa, alitoka kwenye lindo lake, akapanda lori la mbao, akaja nyumbani. Alipofika mdogo mtu alikuwa ameshapona, anacheza gololi. Wiki ya pili baba alifukuzwa jeshini, na wiki ya tatu wakatoa vitanda nje. Mama yake, akifunga mzigo wa vyombo, alimtazama akasema bila hasira, “Unaona, mwanangu? Kalamu yako ndiyo iliyotutoa hapa.”

Maneno ya mzazi ni kama muhuri kwenye udongo mbichi. Miaka thelathini na saba baadaye mama aliyeyasema alikwishafariki, lakini binti yake bado alikuwa akisoma barua za watoto wa wengine akitafuta ile yake.

Basi hakuiweka barua ya Chiriku kwenye mkoba wa posta. Aliweka kadi ya netiboli peke yake, akafunga bahasha. Barua aliitia kwenye bahasha ya kaki, bahasha ya kaki kabatini, kabati akafunga kwa kufuli.

Msimwone hana moyo. Kesho yake, kabla ya saa za kazi, alikwenda nyumbani kwa fundi. Cherehani ilikuwa ikilia, na mama yule alikuwa ameinama juu ya shati la kijani, mdomo umejaa pini.

“Karibu, Mwalimu. Kaa hapo, sogeza hizo suruali.”

“Nimepita tu kukujulia hali. Nakuona umepungua, mdogo wangu.”

Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kimto. “Nani kakwambia?”

“Macho yangu.”

“Macho yako yana maneno mengi. Ni vidonda vya tumbo. Nimepewa dawa pale zahanati, nakunywa.”

“Hospitali kubwa hujaenda?”

“Kufanya nini? Wakinilaza, mtoto akae na nani? Halafu ofisi ya ustawi watapiga simu ya upepo huko, Koplo aambiwe mkeo kalazwa.” Alicheka kidogo, akashika ubavu. “Mume wangu anaendesha lori kwenye barabara zenye mabomu ya ardhini, Mwalimu. Unataka akiwa kwenye usukani awe anafikiria tumbo langu?”

Mama Ratiba ni kama alikuwa anajisikiliza mwenyewe. Alirudi kituoni amefarijika. Hapo ndipo alipokosa kwa mara ya kwanza, na hakujua: alikwenda kutafuta ukweli, akapewa uongo uliofanana na kanuni yake, akaupokea kwa mikono miwili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya anayemsaidia kuficha.

Saa nane na nusu Chiriku aliingia akihema. “Shikamoo, Mama. Barua yangu imepanda ndege?”

“Marahaba. Imepanda.”

“Yote?”

“Chiriku, barua inapanda nusu?”

Mtoto akacheka, akaenda zake akiruka ruka. Mwanamke aliyewafundisha watoto sitini na tatu kwamba uongo ni wizi wa akili ya mwenzako alibaki amesimama karibu na ubao, akatazama saa.

Majibu yalikuja baada ya wiki nne. Siku ya majibu ilikuwa sikukuu pale kituoni. Filimbi aliita majina kwa sauti ya gwaride na kila mtoto alikwenda kupokea kwa saluti. Chiriku aliisoma yake palepale mlangoni akiwa amesimama. Akaigeuza nyuma, akatazama kama kuna kitu kimeandikwa huko. Kisha akaja mezani.

“Mama, hajasema chochote kuhusu mama.”

“Kasemaje?”

“Amefurahi tumeshinda. Anauliza nilifunga magoli mangapi.”

Palikuwa na mlango hapo, wazi kabisa. Angesema tu, mwanangu, barua yako ninayo mimi. Badala yake alisema, “Askari hawaandiki kila kitu. Mengine wanayaweka moyoni.”

“Lakini amesoma?”

“Kaa uandike nyingine.”

Chiriku akaandika nyingine, ndefu, yenye tarehe na mambo yote: siku mama alipoanguka bafuni, siku aliposhindwa kukanyaga pedali ya cherehani akawaambia wateja mashine imeharibika. Mama Ratiba aliisoma mara mbili. Mara hii alikwenda mpaka mlango wa ofisi ya ustawi wa jamii ya kambi, mahali ambapo neno moja lingetosha kumrudisha Koplo nyumbani kwa ruhusa ya dharura. Alikuta foleni ya watu wanne. Alisimama nyuma yao dakika chache, akajiambia kwamba mwenye ugonjwa ni mtu mzima mwenye akili zake na amekataza, kwamba si vizuri kuingilia nyumba ya watu, kwamba saa kumi watoto wanahitaji mipira na ufunguo wa stoo anao yeye. Akatoka kwenye foleni. Barua ya pili ikaungana na ya kwanza kabatini.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya simu. Huko waliko askari hapakuwa na mtandao. Kila mmoja alipangiwa dakika tano za simu ya setilaiti, na familia zilikuja kituoni kupokea. Fundi alikuja amejitanda khanga mpaka kidevuni, joto lote lile. Aliongea kwa uchangamfu hadi watu wakageuka: sisi wazima, hatujambo, wewe jilinde, nyanya tulizopanda zimeota. Kisha akampa mtoto simu, akasimama ubavuni kwake. Sauti ya Koplo ilisikika chumba kizima.

“Chiriku wangu! Hujaniambia, ulifunga magoli mangapi?”

Mtoto alimtazama mama yake.

“Haloo? Unanisikia?”

“Sita,” alisema Chiriku. Akamrudishia mama yake simu, akatoka nje.

Toka siku hiyo mdomo wake ulipata kituo. Golini alisimama kama nguzo. Filimbi alimtania, “Vipi, betri imeisha?” naye akatabasamu kwa adabu, jambo ambalo kwa mtoto yule lilikuwa baya kuliko tusi. Alhamisi iliyofuata hakuandika. Iliyofuata aliandika mstari mmoja tu:

“Baba, umesoma?”

Barua hiyo ya tatu haikuwa na ugonjwa ndani yake, wala machozi, wala paa linalovuja. Kwa kipimo chochote cha kanuni ilistahili kupita. Lakini ikipita, Koplo atauliza amesoma nini, na mtoto atajibu, na Mama Ratiba atajulikana. Aliielewa hesabu hiyo vizuri kabisa, pale pale mezani, miwani puani. Akaitia kwenye bahasha ya kaki. Kuanzia siku ile kanuni haikuwa inamlinda askari yeyote. Ilikuwa inamlinda yeye.

Mwezi mmoja baadaye fundi alianguka juu ya cherehani yake, sindano ikiwa bado kwenye kitambaa. Majirani wakampeleka hospitali kubwa kwa gari la wagonjwa la kambi. Mama Ratiba alikwenda kila siku baada ya saa kumi na mbili, akiwa na chupa ya uji. Alikuwepo daktari alipomwambia dada wa mgonjwa pale kwenye korido, “Uvimbe umeshasambaa. Angekuja miezi mitatu iliyopita tungekuwa na la kufanya. Sisemi angepona. Nasema tungekuwa na la kufanya.”

Mama Ratiba alihesabu kwa vidole chini ya khanga. Barua ya kwanza ilikuwa na majuma kumi na mawili kabatini.

Siku ya tisa fundi alifariki. Taarifa ilikwenda, lakini ndege ilichelewa kwa hali ya hewa, na Koplo alifika siku mbili baada ya mazishi, na vumbi la huko bado liko kwenye viatu vyake. Waliomwona akiingia nyumbani kwake walisema alisimama mbele ya cherehani kama mtu aliyeitwa jina asiitike. Binti yake alimsalimia kama anavyosalimiwa mgeni. “Shikamoo, baba. Pole na safari.” Kisha akaenda kukaa kwa jirani.

Siku ya nne Koplo alikuja kituoni. Ilikuwa asubuhi, watoto wako shuleni. Mama Ratiba alipomwona mlangoni alisimama, akaegemea kabati.

“Mwalimu, nimekuja kushukuru,” alisema. Alikuwa mwanaume mwembamba, mwenye masikio makubwa aliyomrithisha bintiye, na alishika kofia yake kwa mikono miwili. “Zile kadi. Nilizibandika kwenye lori, juu ya kioo. Kuna siku tulipita mahali ambapo gari la mbele yetu… basi. Niliangalia goli la netiboli nikaendesha. Nilisema kumbe nyumbani ni salama.”

“Kaa, Koplo.”

“Sikai. Nina swali moja tu, wewe unamjua mtoto kuliko mimi. Nimemkosea nini? Haniangalii usoni. Jana nimemwambia mwanangu, laiti ningejua mama yako anaumwa. Akanitazama, Mwalimu, sijawahi kutazamwa hivyo hata na adui. Akasema, ‘Usinidanganye, baba.’ Akaondoka.” Alizungusha kofia. “Ananidhania nini?”

Ufunguo wa kabati ulikuwa shingoni kwa Mama Ratiba, na mgongo wake ulikuwa umeegemea kufuli. Hatua moja. Maneno matatu.

“Ana uchungu,” alisema. “Mpe muda.”

Koplo aliitikia kwa kichwa, akamshukuru tena, akavaa kofia. Na yule mwanamke aliyesahihisha madaftari ya wengine maisha yake yote alimwangalia akiondoka amebeba kosa lisilo lake, akamwacha alibebe.

Mchana huo watoto walikuwa uwanjani. Filimbi alimkuta amekaa kwenye benchi la pembeni, jambo ambalo ratiba haikuwahi kuliruhusu.

“Afande, unaangalia mpira au unaangalia ukuta?”

“Nina barua tatu kabatini,” alisema Mama Ratiba. “Za Chiriku. Alimwambia baba yake kwamba mama yake anaumwa. Sikuzipeleka. Nikamwambia nimezipeleka.”

Filimbi alitoa filimbi mdomoni. Alipiga hesabu kidogo, kisha akawapungia watoto waendelee. Hakukaa.

“Mtoto anadhani baba alisoma.”

“Ndiyo.”

“Akauliza magoli.”

“Ndiyo.”

“Lo.” Alipangusa uso kwa kiganja. “Nikuambie kitu cha kijeshi. Ukimpiga risasi mwenzako kwa bahati mbaya, kitu cha kwanza ni kusema ‘ni mimi.’ Hapo hapo. Ukinyamaza dakika tano tu, wenzako wanaanza kumtafuta adui porini, na wakimtafuta watapiga mtu mwingine. Huyo mtoto anamtafuta adui porini, Afande, na amemkuta baba yake.”

“Nitafukuzwa kazi.”

“Utafukuzwa. Hilo ndilo ulitaka kuniuliza?”

“Nilifanya kwa nia njema.”

“Nani kakataa? Hata mimi niliyevunjwa goti nilivunjwa na dereva mwenye nia njema.” Kisha sauti yake ikashuka. “Nenda, mama. Leo. Kesho utapata sababu.”

Alikwenda. Njia ya kutoka kituoni mpaka nyumba za safu ni mwendo wa dakika saba; alizihesabu zote. Chiriku alikuwepo, jirani amemrudisha aje kuchukua sare ya shule. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa chumbani, begi begani, na Koplo alikuwa amekaa mezani akipanga mashati ya wateja ambayo hayakuchukuliwa, akisoma vikaratasi vya majina vilivyobanwa kwa pini.

Mama Ratiba hakusubiri kukaribishwa. Aliweka bahasha ya kaki juu ya mashati.

“Hizi ni zako, Koplo. Ameziandika mwanao. Ya kwanza ina miezi mitatu na zaidi. Nilizizuia mimi. Yeye nilimwambia zimeondoka.”

Koplo alisoma ya kwanza. Alisoma ya pili. Ya tatu ilikuwa na maneno mawili tu, lakini hiyo ndiyo aliyokaa nayo zaidi.

“Ulisema zimepanda ndege,” alisema Chiriku.

“Nilikudanganya.”

“Zote?”

“Zote tatu.”

Msichana aligeuka kwa baba yake polepole, kama mtu anayegeuka na ndoo ya maji kichwani. “Kwa hiyo hukujua.”

“Sikujua, mwanangu.”

“Ndiyo maana uliniuliza magoli.”

“Hilo ndilo nililoletewa.”

Begi lilianguka. Mtoto hakumkimbilia baba yake. Alikaa chini pale pale alipokuwa, akafunika uso kwa magoti, na baba ndiye aliyeinuka akamfuata sakafuni. Alimshika kichwa. Kisha akamtazama Mama Ratiba kutoka huko chini.

“Ulizisoma?”

“Nilizisoma.”

“Kwa hiyo wewe ulijua. Kuhusu sketi. Kuhusu shuka.” Hakuwa na hasira sautini, alikuwa kama anapanga vitu mahali pake. “Mimi mumewe sikujua, wewe ulijua.”

“Koplo, mimi nilipokuwa mdogo, baba yangu…” Akajisikia anavyoanza kujitetea, akanyamaza. Lilikuwa jambo moja la haki alilolifanya miezi hiyo.

Alitamani atukanwe. Alikuwa amejiandaa kwa matusi tangu kituoni, alikuwa ameshayapangia hata majibu ya unyenyekevu. Koplo alimwambia tu, “Dada, tuache,” na akainamisha kichwa juu ya kichwa cha bintiye.

Asubuhi yake alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa kikosi, akaeleza yote kwa mpangilio bila kuruka siku. Mkuu alimsikiliza akichezea kalamu. Aliuliza, “Ni barua za Chiriku tu, au zipo nyingine?” Mama Ratiba alifungua mkoba wake akatoa bahasha nyingine, nene, ya miaka kumi na minne. Zilikuwa arobaini na sita. Baadhi ya walioandika walikwishaoa.

Hakufukuzwa kabisa. Alihamishiwa ghala la sare, kuhesabu mikanda na buti mahali pasipo na mtoto. Kituo kinaendeshwa na Filimbi pamoja na mwalimu mpya, na watoto wanafunga barua zao wenyewe kwa mate yao wenyewe. Barua arobaini na sita zilipelekwa kwa wenyewe. Wawili walikuja ghalani kumuuliza kwa nini. Mmoja alicheka. Mmoja hakucheka, kwa kuwa baba aliyeandikiwa barua hiyo hakurudi.

Chiriku anapita mbele ya ghala kila siku akitoka shule. Ameanza kuongea tena. Anasikika tangu kona ya kwanza. Akifika usawa wa dirisha ananyamaza, akilipita anaendelea.

Kanuni ile moja, iliyoshikwa bila kuyumba, ilimgharimu fundi miezi mitatu ambayo madaktari wangekuwa na la kufanya. Ilimgharimu mume kumuaga mkewe. Ilimgharimu mtoto baba yake kwa majuma kumi. Baba amempata tena. Mengine hayakurudi.